Maiti Ina Jina

Riwaya za upelelezi za Kiswahili ninazozisoma miaka hii zinanichosha kwa jambo moja: mtu wa kwanza kufa hana jina. Ni "mwili wa mwanamke", ni "mlinzi wa getini", ni "kijana mmoja aliyekuwa akipita". Anachinjwa ukurasa wa kwanza ili sisi wasomaji tushtuke, kisha mwandishi anamruka kama mtu anavyoruka dimbwi la maji. Ukifika mwisho hujui kama alikuwa na mama, alikuwa akidaiwa na nani, wala nani alimlilia. Naona huo ni uvivu, tena uvivu wenye madhara, na katika insha hii nitaeleza kwa nini.

Nisieleweke vibaya. Mimi simo katika kundi la wanaoidharau riwaya pendwa. Darasani tumefundishwa kugawa riwaya mafungu mawili, dhati na pendwa, na kila mwanafunzi anajua fungu lipi halitokei kwenye mtihani. Lakini hilo lisilotokea ndilo lililonifundisha kusoma Kiswahili bila kuchoka. Hapa Gikondo kupata riwaya ya Kiswahili iliyochapwa ni shughuli, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Tunachopata kwa urahisi ni simulizi za kwenye simu, nyingi zikitoka Tanzania, zinazotumwa vipande vipande kwa WhatsApp na Facebook, kila kipande kikiishia na neno "itaendelea". Nimezisoma ndani ya basi, nimezisoma kwenye foleni, nimezisoma usiku huku nimefunika mwanga wa simu kwa shuka ili ndugu zangu walale. Nazisema kwa sababu nazipenda.

Wala tusiseme kwamba ndivyo riwaya za aina hii zilivyo tangu zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Bwana Msa wake anavuta kiko kama Sherlock Holmes, na ana Najum kama Holmes alivyokuwa na Watson. Undugu huo uko wazi. Lakini tazameni kazi anayoifanya. Maiti inakutwa mahali panapoogopwa kwa sababu ya mizimu, na ingekuwa rahisi kusema mizimu imeua, mambo yakaisha. Bwana Msa hakubali. Anauliza habari za marehemu: alikuwa nani, alikuwa na mali gani, aliishi vipi na jamaa zake. Kumjua muuaji kunaanza na kumjua aliyeuawa.

Hata Elvis Musiba, ambaye risasi kwake ni kama mvua ya masika, alikuwa na sababu. Katika Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979), Willy Gamba anahangaika kati ya miji ya Afrika kwa ajili ya harakati za kuikomboa kusini mwa bara hili. Wanawake wake wengi wamewekwa pale kama mapambo, na hilo sitamsamehe. Lakini mtu akifa katika vitabu vile, unajua amekufa kwa ajili ya nini. Waandishi wengi waliofuata walirithi bastola ya Willy Gamba wakaiacha ile sababu. Wapo waliojitahidi zaidi. Hussein Tuwa, katika Mkimbizi, alimweka mwanamke awe ndiye anayesakwa na ndiye anayefikiri, na msomaji anakimbia naye. Kumbe inawezekana.

Kilichonikasirisha hadi nikashika kalamu ni simulizi moja niliyoisoma kwenye simu mwaka jana. Sitaitaja, kwa kuwa kosa lake si lake peke yake. Jambazi wake ni katili kupita kiasi. Msomaji anangoja kuambiwa ukatili huo umetoka wapi. Sehemu ya tisa inakuja na jibu la sentensi moja: alitokea Rwanda. Basi. Nchi yangu imegeuzwa kuwa mizimu ya siku hizi, jibu la haraka kwa mwandishi aliyechoka kuuliza maswali.

Mimi nilizaliwa baada ya 1994, lakini Gikondo ni mtaa wangu. Tarehe 9 Aprili 1994, katika parokia ya Wapallotti hapa mtaani, Watutsi waliokuwa wamekimbilia kanisani waliuawa mchana, huku mapadri na waangalizi wa Umoja wa Mataifa wakishuhudia. Vitambulisho vya waliouawa vilichomwa moto. Fikirini maana ya jambo hilo. Aliyeua alitaka pia pasibaki karatasi ya kusema kwamba huyu aliwahi kuishi na aliitwa fulani. Ndiyo maana kila Aprili, wakati wa kumbukumbu, majina husomwa kwa sauti, moja baada ya jingine, hata kama yatachukua saa nzima. Ndiyo maana mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012 baada ya kushughulikia kesi karibu milioni 2, zilirudia maswali yale yale mbele ya majirani: nani aliuawa, nani alikuwepo, mwili uko wapi. Mtu aliyelelewa katika mtaa kama huu hawezi kusoma "maiti moja ilikuwa mlangoni" akageuza ukurasa kwa amani.

Na kama mwandishi anataka msako wa kusisimua, autazame ule wa kweli. Félicien Kabuga alijificha zaidi ya miaka 20 na akakamatwa tarehe 16 Mei 2020 katika nyumba ya ghorofa huko Asnières-sur-Seine, karibu na Paris, akiishi kwa jina la uongo. Fulgence Kayishema, ambaye mwaka 1994 alikuwa inspekta wa polisi, alikamatwa Mei 2023 mjini Paarl, Afrika Kusini, naye akiwa na jina lisilo lake. Hakuna aliyeruka kutoka kwenye helikopta. Ilikuwa kazi ya karatasi, ya simu za jamaa, ya kulinganisha majina, na ya subira. Polisi anayegeuka kuwa mtoro, mzee anayezeeka ndani ya jina la mtu mwingine: riwaya gani ya simu imetupa mhusika mzito kama hao?

Najua nitakachojibiwa. Wenzangu wamekwisha kuniambia: "Wewe unataka mahubiri, sisi tunataka burudani." Hapana, ndugu zangu, mimi pia nataka burudani, na ndiyo ninayonyimwa. Hofu haiji kwa wingi wa damu. Siwezi kumwogopea mtu nisiyemjua. Nipe mlinzi wa getini anayeitwa Mzee Saidi, anayemdai tajiri wake mshahara wa miezi miwili, ambaye ameahidi kumpelekea mjukuu wake viatu Jumapili, halafu uzime taa ya geti. Hapo sitalala. Umemuua mtu mmoja tu, na umepata kile ambacho mwenzako hakukipata kwa maiti kumi na tano.

Kwa hiyo nina madai matatu. Kwa walimu wetu: ziingizeni riwaya pendwa kwenye mtihani. Kitu kisichohakikiwa hakijirekebishi. Kwa waandishi: kabla ya kumuua mtu, mpeni jina, kazi, na mtu anayemngoja nyumbani, na msitumie nchi nzima kama sababu ya ukatili wa mhusika mmoja. Kwa sisi wasomaji: simulizi za simu zina faida moja ambayo Abdulla na Musiba hawakuwa nayo, kwamba mwandishi anasoma maoni yetu siku ile ile. Na sisi tunamwandikia nini? "Tuma nyingine." Tumwandikie kwamba tunataka kujua aliyekufa alikuwa nani.

Mimi nimeanza. Nimemwandikia mwandishi mmoja kumuuliza jina la mlinzi aliyeuawa sehemu ya tatu. Hajanijibu, na sehemu iliyofuata imekuja na maiti wengine wawili. Nitamuuliza majina yao pia.