Chumba cha Maabara Kipo, Vifaa Viko Wapi?

 

Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi tunalihesabu kuwa ni la walimu peke yao: vifaa vya kufundishia sayansi katika shule za sekondari. Hapa Songea ni rahisi kumwonesha mgeni jengo la maabara katika sekondari ya kata. Kumpata mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekwisha kushika bureti kwa mikono yake ni kazi kubwa zaidi.

Majengo hayo yana historia ambayo wengi wetu tunaikumbuka, kwa kuwa tuliichangia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na katika miaka michache iliyofuata sekondari za kata zikaenea nchi nzima. Zilifungua mlango kwa watoto ambao wazazi wao wasingeweza kuwapeleka shule za mbali. Lakini nyingi zilianza na madarasa na ubao tu. Ndipo Rais Jakaya Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Muda wa kukamilisha ulipangwa uishe Novemba 2014, kisha ukasogezwa hadi Juni 2015. Watendaji wa kata walipita nyumba kwa nyumba, tukatoa fedha, mawe, mchanga na nguvu zetu. Januari 2016 ilipoanza elimu bila ada, idadi ya wanafunzi ikaongezeka, na katika baadhi ya shule chumba kilichojengwa kiwe maabara kikageuzwa darasa la kawaida. Mwalimu mkuu afanye nini, ikiwa watoto hawana pa kukaa?

Kinachopotea

Mtihani wa kidato cha nne katika masomo ya sayansi una karatasi mbili. Ya nadharia ina alama 100, na ya vitendo ina alama 50. Theluthi moja ya alama, basi, inapatikana kwa macho na mikono. Mtoto aliyesoma titresheni ubaoni tu hufika katika chumba cha mtihani akiwa kama mtu aliyefundishwa kuogelea kwa maelezo.

Katika kikao kimoja cha wazazi nilichohudhuria, mzazi mmoja aliuliza ni majaribio mangapi watoto wamefanya tangu mwaka uanze. Mwalimu wa kemia, kijana mwenye bidii, alijibu kwa ukweli: kemikali za kutosha hununuliwa pale tu shule inapopokea maelekezo ya mtihani wa taifa, majuma machache kabla ya siku yenyewe. Watoto hufanya mazoezi mawili matatu ya haraka, kisha wanaingia mtihanini. Siitaji shule hiyo, kwa sababu hali yake si ya peke yake.

Lakini hasara kubwa hutokea kabla ya mtihani. Katika shule nyingi mwanafunzi akifika kidato cha tatu huruhusiwa kuacha fizikia na kemia. Hapo ndipo mabinti zetu wengi hutoka. Wanakuwa wamesoma miaka miwili ya majina magumu ya Kiingereza yasiyoshikika, nao huamini kwamba sayansi haikuumbiwa wao. Binti aliyeacha kemia kidato cha tatu hawezi tena kuwa daktari, mfamasia wala mtaalamu wa maabara ya hospitali. Halafu sisi, siku mke au mama anapougua, tunatafuta daktari mwanamke na kulalamika kwamba hayupo.

Tukumbuke pia tunaishi wapi. Mkoa wetu wa Ruvuma una makaa ya mawe ya Ngaka wilayani Mbinga, na urani ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo. Una kahawa, tumbaku na mahindi yanayohitaji wataalamu wa udongo na wa magonjwa ya mimea. Kazi hizo zitafanywa na watu, na watu hao watatoka mahali fulani. Tunataka wawemo watoto wa Lizaboni, Mfaranyaki na Bombambili.

Somo la Ibn al-Haytham

Wapo wanaodhani kwamba jaribio la sayansi halifanyiki bila vyombo vya gharama kubwa. Wawaidha wetu hupenda kumtaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake kubwa Cairo mwanzoni mwa karne ya 11. Humtaja kwa fahari, lakini ni nadra kueleza alifanya nini hasa. Tueleze leo.

Katika zama zake walikuwepo wanazuoni walioshikilia kwamba jicho huona kwa kutoa miali yake lenyewe. Ibn al-Haytham alisema kinyume: mwanga hutoka katika kitu na kuingia jichoni. Katika kitabu chake cha Al-Manazir alieleza jaribio la taa. Taa kadhaa huwekwa mahali mbalimbali mbele ya tundu linaloingia katika chumba chenye giza. Ndani, ukutani, huonekana madoa ya mwanga kwa idadi ya zile taa. Ukiifunika taa moja, doa lake hutoweka na mengine hubaki. Ukiifunua, doa hurudi mahali pake. Hivyo alionesha kwamba mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu, na kwamba mianga mingi hupita katika tundu moja bila kuchanganyika.

Jaribio hilo linawezekana nyumbani usiku huu. Chukua boksi la viatu. Upande mmoja toboa tundu dogo kwa sindano. Upande wa pili kata dirisha na ulizibe kwa karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya kupikia kidogo, ili ipitishe mwanga. Zima taa ya chumba, kisha weka tochi tatu au mishumaa mitatu mbele ya tundu, ikiwa imeachana. Mwache mtoto afunike mmoja mmoja. Mwulize: kwa nini mshumaa wa kulia unaonekana kushoto, na kwa nini ndimi zake zimepinduka? Akijibu mwenyewe, amejifunza mada ya mwanga kwa njia ile ile aliyoitumia mwanachuoni tunayejivunia jina lake.

Vifaa vilivyo jikoni na dukani

Mfano wa kemia ni manjano. Koroga kijiko cha manjano katika maji na uchuje kwa kitambaa safi. Gawa maji hayo katika vikombe viwili. Kimoja tia maji ya limao: rangi itabaki njano. Kingine tia maji ya majivu yaliyochujwa, au maji ya magadi: rangi itageuka nyekundu ya kahawia. Mtoto ameona kiashiria kikitofautisha asidi na besi. Sasa aongeze limao tone kwa tone katika kikombe cha magadi, akihesabu matone hadi unjano urudi. Hiyo ndiyo roho ya titresheni, na bureti itakapokuja ataifahamu kazi yake mara moja.

Mfano wa baiolojia ni iodini, ile dawa ya vidonda inayouzwa famasi. Tone moja juu ya muhogo, kiazi au ugali hutoa rangi ya bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi, kwa sababu pana wanga. Juu ya nyama rangi hiyo haitokei. Kisha kata vipande viwili vya kiazi mviringo vilivyo sawa. Kimoja kiweke katika maji matupu na kingine katika maji yenye chumvi nyingi. Baada ya saa chache cha kwanza kitakuwa kigumu, cha pili kitakuwa kimelegea na kusinyaa. Neno osmosisi halitakuwa tena neno la kukariri.

Mfano wa fizikia ni jiwe na uzi. Ning'iniza jiwe dogo kwenye uzi wenye urefu wa mita 1, kuanzia pale ulipofungwa hadi katikati ya jiwe. Livute kidogo, liachie, na upime kwa saa ya simu mabembeo 20 kamili ya kwenda na kurudi. Utapata takriban sekunde 40, yaani sekunde 2 kwa bembeo moja. Kwa kanuni iliyo katika kitabu chake, mtoto wa kidato cha pili au cha tatu atakokotoa nguvu ya uvutano ya dunia na kupata jibu karibu sana na 9.8.

Walimu wa kujitolea wa Peace Corps waliofundisha hapa nchini waliandaa mwongozo uitwao Shika na Mikono, wenye majaribio mengi ya namna hii: chupa za plastiki zilizokatwa badala ya bika, na mabomba mapya ya sindano badala ya bureti na pipeti. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, ambavyo mzazi mwenye simu anaweza kuvisoma. Na kwa mzazi ambaye Kiingereza kinamtatiza, TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mtoto akilielewa jambo kwanza kwa Kiswahili, jina lake la Kiingereza halimtishi.

Tahadhari

Yapo mambo yasiyofaa nyumbani. Asidi ya betri ya gari huunguza ngozi na kupofusha. Iachwe kwa mwalimu, ambaye anajua kwamba asidi ndiyo hutiwa katika maji kidogo kidogo, wala maji hayatiwi katika asidi. Bomba la sindano liwe jipya, na sindano yenyewe iondolewe. Spiriti isipashwe juu ya moto wa wazi, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Mishumaa iwashwe mkubwa akiwepo. Na usihifadhi kemikali yoyote katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja. Mtoto mdogo hasomi maandishi. Anaona chupa ya soda.

Wajibu wa misikiti

Jambo hili tumelijadili katika kamati yetu. Nilipendekeza tununue sanduku moja la vifaa: mabomba ya kupimia, vipimajoto, lenzi, sumaku, nyaya, balbu ndogo, iodini na viashiria. Liwe mali ya msikiti, liazimwe na shule jirani kwa zamu, na Jumamosi litumike katika chumba cha madrasa baada ya darasa la Qur'ani. Mzee mmoja tunayemheshimu sana aliniuliza, "Katibu, paa linavuja na masika yanakuja, nawe unataka mabomba ya sindano?" Nilimjibu, "Mzee wangu, paa lina haki yake, na watoto wana haki yao." Hoja yake ilikuwa ya kweli. Tukakubaliana paa litangulie, na sanduku lianzishwe kwa michango maalumu isiyogusa mfuko wa msikiti.

Mwingine aliuliza kama zaka inaweza kutumika. Zaka ina makundi yake manane yaliyotajwa katika Qur'ani, nasi hatuna ruhusa ya kuyapanua kwa matakwa yetu. Lakini mlango wa sadaka na wa waqfu uko wazi. Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kwamba mtu anapokufa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, na miongoni mwake ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha. Lenzi inayotumiwa na watoto wa miaka kumi ijayo imekusanya yote mawili.

Ikaulizwa pia: je, watoto wa majirani zetu wasio Waislamu waje? Waje. Shule ni moja, mwalimu ni mmoja, na haki ya jirani tunaijua.

Nawausia makatibu wenzangu mambo matatu. La kwanza, msinunue kitu kabla ya kukaa na walimu wa sayansi wa shule husika na kuuliza wanachopungukiwa. La pili, wekeni daftari la kuazima na mtu mmoja wa kushika ufunguo, kwa kuwa amana isiyoandikwa hupotea. La tatu, mtafuteni mwalimu mstaafu au kijana wa chuo aliye likizoni asimamie Jumamosi, na muhakikishe mabinti wanakaa mbele na wanashika vifaa. Wasifanywe waandishi wa matokeo ya kaka zao.

Na kwako mzazi: katika kikao kijacho usiulize wastani wa darasa peke yake. Uliza, "Muhula huu watoto wetu wamefanya majaribio mangapi, na kinakosekana nini?" Kisha ukae usikilize jibu, na uwe tayari kubeba sehemu yako.

Tumwombe Allah awanufaishe watoto wetu kwa wanachojifunza, na atujaalie sisi tusiwe sababu ya wao kukikosa. Wabillahi tawfiq.