Kadenge na mpira, lakini mpira wenyewe uko wapi?

Jamani wasomaji, kuna sheria wamejitungia vijana wa baraza zetu hapa Amu, nami leo naipinga waziwazi. Wanasema hivi: mchezaji asiyeonekana YouTube hakuwa mchezaji. Hidetoshi Nakata wa Japani, aliyestaafu kabla baadhi yao hawajazaliwa, wanamjua chenga kwa chenga. Mtaje Joe Kadenge uone. Watacheka na kukuuliza, "Si yule wa msemo tu?"

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo niaminini katika hili: programu ya kutafuta haijui kandanda. Inapanga kile ilichokikuta tu. Kisichowekwa mtandaoni haikioni.

Tumchukue Nakata mwenyewe. Alikuwa hodari, sibishi. Alitwaa ubingwa wa Italia na Roma mwaka 2001. Lakini alicheza kwenye ligi iliyojaa kamera, tena alikuwa na tovuti yake, nakata.net, akizungumza na mashabiki bila kupitia gazeti la mtu. Julai 2006, baada ya Kombe la Dunia kule Ujerumani, alitangaza kustaafu kwenye tovuti hiyohiyo, akiwa na miaka 29. Kumbukumbu zake alizishika mwenyewe.

Kadenge alitamba miaka ya 1960, akichezea Abaluhya, ambayo leo ni AFC Leopards, na timu ya taifa. Wakenya wengi walimfuata kwa redio. Kilichobaki midomoni ni sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela: "Kadenge na mpira!" Mchezaji ameenea mtandaoni kama utani, na mchezo wake haupo.

Wapo watakaosema umaarufu wa mtandaoni ni kura ya watu. Kura gani hiyo, ikiwa jina la mgombea mmoja halimo kwenye karatasi?

Na sisi wa visiwa hivi ndio tungepaswa kulielewa hili kwanza. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa visiwani humu karibu mwaka 1858. Tunao leo kwa sababu watu waliunakili kwa mkono, nakala baada ya nakala, kwa herufi za Kiarabu. Hawakungoja mgeni aje kuwahifadhia.

Sasa sisi tuna simu zenye kamera, na tunafanya nini? Picha ya timu ya mtaa ya zamani inatupwa kwenye kikundi cha WhatsApp bila jina wala mwaka. Ikiwekwa kwenye status, baada ya saa 24 haipo. Simu ikianguka baharini, historia imezama nayo.

Dawa yake haihitaji shahada ya kompyuta. Piga picha ile picha ya ukutani. Andika majina, mwaka na uwanja. Mrekodi mzee akisimulia, kwa ridhaa yake. Weka nakala zaidi ya mahali pamoja, na yaliyothibitika yaandike kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ambayo iko wazi kwa kila mtu.

Kadenge alifariki 2019, Mbotela akamfuata 2025. Waliomwona na waliomsikia wanapungua. Kwa hiyo kijana, ukitaka kujua kama alikuwa mchezaji, weka simu chini kidogo umuulize mzee uliyeketi naye barazani. Kisha ichukue tena, uandike alivyokujibu.