Google ikitaka Meru na Embu, ibishe hodi

Novemba 2017, puto kubwa la plastiki lilianguka Nthambiro, huko Igembe, kaunti ya Meru. Watu walijaa kulitazama, wengine kwa hofu, maana si kila siku mbingu inakuangushia nyaya na paneli za sola. Ikabainika kwamba ni puto la Loon, mradi wa Alphabet, kampuni mama ya Google, uliolenga kurusha intaneti kutoka kilomita 20 hivi angani.

Loon ilipoanza kazi rasmi nchini, Julai 2020, ikishirikiana na Telkom, maeneo yaliyotajwa kuhudumiwa yalikuwa Iten, Eldoret, Baringo, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Kisii, Bomet, Kericho na Narok. Meru na Embu hazikuwa kwenye orodha. Igembe ilipata puto, wengine wakapata mtandao. Na hata hao hawakukaa nao sana: Januari 2021 Alphabet ilitangaza inafunga Loon kwa kuwa gharama hazikushuka vya kutosha kuifanya biashara ya kudumu. Miezi sita tu, kwisha. Uamuzi ulifanywa California.

Tunalileta hili kwa sababu vijana wengi wa pande hizi wanaishi na Google bila kuihesabu kama kampuni. Imekuwa kama maji ya mfereji. Msee wa boda pale Makutano anatafuta boma la mteja kwa ramani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meru kule Nchiru anasaka noti usiku wa kuamkia mtihani. Mwenye saluni Runyenjes anapata mteja aliyeandika tu "saluni karibu nami". Mkulima wa muguka Mbeere anauliza dawa ya wadudu. Kila swali lina faida kwa anayeuliza, na kila swali linamwambia mtu fulani kitu kuhusu Meru na Embu ambacho jana hakukijua. Hicho ndicho anachouza kwa wenye matangazo.

Kampuni yenyewe tusiidharau. Larry Page na Sergey Brin waliianzisha mwaka 1998 wakiwa wanafunzi wa Stanford, na wazo lao lilikuwa safi: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi huenda ndio wenye maana. Mwaka 2001 walikuwa na ofisi Tokyo. 2005 wakanunua Android, 2006 wakanunua YouTube, 2007 wakafika Nairobi. Mfanyakazi wao wa kwanza hapo, Joseph Mucheru, alikuja kuwa Waziri wa ICT mwaka 2015. Oktoba 2021 mkuu wa kampuni, Sundar Pichai, aliahidi kuwekeza dola bilioni 1 Afrika kwa miaka 5, na 2024 wakatangaza Umoja, kebo ya kuanzia Kenya, ipite nchi sita za Afrika, hadi Australia.

Lakini ubunifu peke yake haukufikisha haya yote. Mwaka 2021 pekee Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa kampuni za simu na vivinjari ili iwe ndiyo inayotangulia kukujibu. Ukinunua simu leo hukuichagua. Uliikuta imeshakaa ndani. Agosti 2024 jaji wa Marekani, Amit Mehta, aliamua kwamba kampuni hiyo ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake wa utafutaji.

Kwetu kuna kisa ambacho kila kijana mwenye kampuni changa anafaa kukijua. Mocality ilikuwa orodha ya biashara mtandaoni hapa Kenya. Hakukuwa na kitabu cha simu cha kunakili, kwa hivyo iliwalipa watu wa kawaida kwa M-Pesa watembee mtaa kwa mtaa wakiandika duka hili, gereji ile. Januari 2012 ilianika ushahidi kwamba watu wa mradi mmoja wa Google walikuwa wakipekua orodha hiyo, wakiwapigia wenye biashara na kuwauzia tovuti, na wakidai eti wanashirikiana na Mocality. Google iliomba msamaha hadharani. Mwaka uliofuata Mocality ilifunga milango. Hatusemi kimoja kilizaa kingine. Tunasema jasho la kukusanya majina mtaani lilikuwa na thamani, na kampuni kubwa ililiona kabla yetu.

Ramani nayo ni jasho. Kupitia Map Maker, kuanzia 2008 hadi ilipofungwa 2017, watu wa kawaida walichora barabara zao wenyewe bila malipo. Leo bado tunafanya: unaweka picha ya hoteli, unasahihisha saa za kufungua, unajibu simu ikikuuliza kama mahali hapa pana maegesho. Faida ipo, mteja anakupata. Ila ukipata shida na ukurasa wa biashara yako, hakuna dirisha la kubisha Meru wala Embu. Unaandika fomu, unangoja. Ndiyo maana tunasisitiza: namba za wateja wako ziandike pia kwenye daftari lako.

Sasa njoo kwenye lugha, maana hapa ndipo mchezo unapoelekea. Juni 2024 Google iliongeza lugha 110 kwenye mfumo wake wa kutafsiri. Kijaluo kiliingia, Kialur kikaingia. Kiliingia hata Kimanx, lugha ya Isle of Man, kisiwa chenye watu wasiofika laki moja, ambao wengi wao hawaizungumzi. Kimeru na Kiembu havikuwemo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wameru karibu milioni 2 na Waembu zaidi ya 400,000, kwa hivyo tatizo si idadi. Mashine hizi hujifunza kwa maandishi na sauti, na Wamanx walikaa chini wakaandika, wakarekodi, wakahifadhi mtandaoni. Sisi Kimeru chetu kiko kwenye nyimbo za YouTube, kwenye redio na kwenye soko la Gakoromone.

Kwa hivyo siku moja mtu atakuja kukusanya sauti hizo, awe Google au mwingine. Atakuja na fulana, bando la bure na fomu ya kurasa tisa kwa Kiingereza. Wanafunzi watasaini, kwa sababu doo ni ngumu na elfu moja ni elfu moja.

Vyuo vikuu vya Meru, Chuka na Embu vikae meza moja kabla ya siku hiyo. Waandike masharti mafupi, kwa lugha ambayo nyanya wa Siakago akisomewa ataelewa: sauti ni ya nani, anayerekodi analipwa ngapi kwa saa, nakala inabaki maktaba gani huku kwetu, na mradi ukifungwa ghafla kama Loon nani anabaki nayo. Njuri Ncheke waitwe pia. Hawa ni wazee waliozoea kumwuliza mgeni amekuja na nini. Mabunge ya kaunti yanaweza kuyapitisha kabla ya bajeti ijayo.