VPN Inapoishia Mtandao wa Kwanza
Kompyuta inaweza kuunganishwa kwa VPN na Azure ya Microsoft bila kasoro, ikaifikia seva ya mtandao pepe wa kwanza, lakini ile ya mtandao jirani, tuseme 10.2.0.4, isijibu. Mara nyingi cheti na nywila havina kosa. Kinachokosekana ni njia. Mitandao pepe miwili ikiunganishwa, lango la VPN la mmoja halitumiki na mwingine mpaka pande zote mbili ziridhie: wenye lango uruhusu kupitiwa, na wa pili ukubali kutumia lango la mwenzake. Wa pili ukiwa na lango lake wenyewe, mpangilio huo hukataliwa. Mafundi wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokwama, kwa kuwa Windows hubaki na njia zilizokuja na kifurushi cha VPN cha awali. Amri ya route print huonyesha kama 10.2.0.0 imo; ikiwa haimo, kifurushi kipya kipakuliwe na kusakinishwa. Ping nayo si shahidi wa kutegemewa, maana fayawoli ya seva ya Windows huizuia kwa kawaida. Heri kujaribu poti ya huduma yenyewe, kama 3389, kisha kukagua kanuni za usalama za mtandao wa pili.