Binti wa Mishamo na Shule Yenye Jina

Ndugu Waislamu, matokeo ya kidato cha nne yatokapo, wazazi, hata kule Mishamo, huzitamani Msalato, Kilakala na Tabora Wasichana. Hatuwalaumu, ni shule za Serikali zenye sifa. Ila TAMISEMI hupanga kwa ufaulu, tahasusi na nafasi, nazo nafasi ni chache. Linalotusikitisha ni mzazi ambaye, binti akipangiwa shule isiyovuma, humrudisha jikoni kungoja posa. Asiyeripoti kwa muda uliowekwa huipoteza nafasi hiyo. Ada ya kidato cha tano ilifutwa mwaka 2022. Nauli ya kufika Mpanda na kwendelea mbele, na bei ya godoro, zingali juu ya mzazi. Basi akiba ianze mapema, na kabla binti hajabadili machaguo yake tuulizie bweni, mahali pa kuswali na walimu wa tahasusi yake. Jina la shule lifuate.