Mshonee mtoto tembo, lakini macho yawe ya uzi

Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, nyumba nyingi zimejaa mifuko mbadala: ile laini ya nyekundu, kijani, bluu na kaki ambayo kila ukienda sokoni unarudi na mmoja zaidi. Ikikatika mkono au kupasuka kitako, wengi huitupa, au huigeuza kitambaa cha kufutia meza. Mzazi mwenye mtoto wa kuanzia miaka mitatu asiitupe. Ndani ya mfuko huo mmoja kuna tembo wawili na sungura.

Siri iko kwenye namna ulivyotengenezwa. Vitabu vingi vya kazi za mikono vya ughaibuni humtaka mzazi anunue felti, kitambaa kizito cha sufu ambacho hakifumwi. Manyoya ya kondoo hulowanishwa kwa maji ya moto na sabuni, yakasuguliwa na kubanwa mpaka yakashikana. Kwa kuwa hakuna uzi wa kwenda na wa kukatiza, felti ukiikata haichomoki nyuzi pembeni, hivyo haihitaji kupindwa. Sasa, felti si kitu cha kila duka. Lakini mfuko mbadala nao haukufumwa. Ni nyuzi nyembamba za plastiki zilizobanwa kwa joto, na ukingo wake ukikatwa hubaki safi vilevile. Haupendezi mkononi kama sufu, hilo ni kweli, ila haugharimu kitu.

Kwa watoto wa Bigwa, wanyama wa kuiga hawako mbali. Mgongoni mwa kata hiyo kuna milima ya Uluguru yenye mbega na vinyonga. Na mtoto aliyewahi kupanda basi la Iringa amepita kama kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi, pua ikiwa kwenye kioo, akihesabu tembo na twiga bila kulipa kiingilio.

Kazi hizi zina uzito kuliko zinavyoonekana. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka minane, inataja mambo matano ambayo mtoto huyahitaji kwa pamoja: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mzazi anayekaa mkekani na mwanawe kukata karatasi anagusa mawili kwa mpigo, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji. La usalama ndilo husahaulika, na litarudi hapa chini.

Kuna pia suala la simu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Masika, mvua ikinyesha toka asubuhi na uwanja umekuwa tope, ni rahisi kumkabidhi mtoto simu ili nyumba itulie. Mkasi na kalenda ya mwaka jana navyo hutuliza nyumba, ingawa huacha takataka.

Kinyonga wa kalenda

Huyu ndiye wa kuanza naye, kwa sababu hahitaji kushona. Kata vipande viwili virefu kutoka kwenye kalenda ya zamani, upana sentimita mbili, urefu kama 60. Karatasi ikiwa fupi, unga kwa gundi. Gundisha ncha mbili ziwe pembe, mithili ya kona ya mlango. Kisha kunja cha chini kije juu ya mwenzake, halafu kile kingine kije juu ya hicho, zamu kwa zamu mpaka viishe, na mwisho ugundishe. Ukivuta utapata mwili unaorefuka na kujirudi kama springi.

Mkia ni ukanda mwembamba uliozungushwa kwenye kalamu ili ujiviringe. Kichwa ni pembetatu. Macho ni vikoni viwili vidogo vilivyochomoza, kila kimoja kikitazama upande wake, maana kinyonga huzungusha jicho moja bila kulisubiri la pili. Miguuni akatiwe vidole vilivyogawanyika, viwili huku na vitatu kule, kama koleo. Katika misitu ya Uluguru kuna pia vinyonga wadogo wenye mkia mfupi wanaofanana na jani kavu. Mtoto asiyeweza kukunja anaweza kumkata huyo kwenye karatasi ya kaki, na kazi ikaisha.

Watu wengi humwogopa kinyonga na kumpiga mawe. Hana sumu. Mtoto aliyemtengeneza kwa mkono wake huenda akamwacha apite.

Gundi ya dukani si lazima. Kijiko kimoja cha unga wa ngano, vijiko vinne vya maji, koroga motoni mpaka iwe nzito na ing'ae kidogo. Itumike siku hiyohiyo, vinginevyo huchacha na kuita mende. Zile gundi kali za kuunganisha plastiki na viatu zisikae karibu na mtoto hata kidogo. Hushika ngozi na kope ndani ya sekunde chache.

Mbega asiye na kidole gumba

Mbega mweusi na mweupe wa milimani ana manyoya marefu meupe mabegani na ncha nyeupe ya mkia. Mwili wake ukatwe kwenye manila nyeusi. Manyoya ni ukanda wa karatasi ya daftari lililoisha, upana sentimita nne, ambao mtoto anaukatakata kwa mkasi kutoka ukingoni bila kufika upande wa pili.

Hapo kuna somo kwa mzazi. Kukatakata ukingo kwa pigo moja moja ndiyo hatua ya kwanza ya mkasi, na watoto wengi huiweza karibu na miaka mitatu. Kufuata mstari ulionyooka huja kama miaka minne, na kukata duara au umbo lenye kona huja mitano hadi sita. Mzazi anayempa mtoto wa miaka mitatu umbo la mbega mzima alikate, kisha akamgombeza kwa kulipotosha, amedai kitu ambacho vidole havijakifikia. Ampe manyoya. Umbo lipewe kaka au dada.

Mbega mwenyewe hana kidole gumba cha maana. Kimebaki kama kinundu tu. Binadamu huanza kushika kitu kidogo kwa gumba na kidole cha shahada kati ya miezi tisa na 12, na mshiko huohuo ndio baadaye hushika penseli, kifungo na kijiko. Kuchana karatasi, kufinya gundi na kukunja kalenda vyote huuimarisha. Mtoto anayekaribia kuanza darasa la kwanza na bado anashika penseli kwa ngumi nzima hahitaji viboko, anahitaji kazi za namna hii. Na ikiwa mkono mmoja unaonekana dhaifu kuliko mwingine, au amepoteza alichokuwa akikiweza, apelekwe kliniki.

Neno kuhusu wanaotumia mkono wa kushoto. Mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Ukishikwa kwa kushoto, bapa la juu huficha mstari na karatasi hujikunja katikati ya makali. Mtoto huyo si mzembe. Asilazimishwe kubadili mkono. Achaguliwe kazi za kuchana kwa vidole, au atafutiwe mkasi wa upande wake.

Tembo

Chagua mfuko mzito, ile myembamba huachia mshono. Ukunje mara mbili, chora tembo kwa chaki awe mkubwa kama kiganja cha mtu mzima kilichonyooshwa, mkonga ukiwa mnene kuliko unavyodhani, kwa sababu mshono utaupunguza. Kata vipande viwili sawa. Masikio yatoke kwenye mfuko wa rangi nyingine. Yashone kwanza, kila moja kwenye ubavu wake, ndipo ubandike pande mbili na kushona ukingo kwa uzi uliokunjwa mara mbili, ukiacha tundu la kupitisha vidole vitatu tumboni. Jaza kuanzia kwenye mkonga na miguu kwa kutumia kijiti butu. Funga tundu.

Cha kujazia? Fundi cherehani yeyote ana lundo la mabaki sakafuni, na aghalabu hayauzi. Yafuliwe, yaanikwe, yakatwe vipande vidogo. Sufi ya mti ni laini zaidi na hufanya tembo anayekumbatika, ila vumbi lake huweza kumsumbua mtoto mwenye pumu. Pamba ya godoro kuukuu isitumike. Trei za mayai, ambazo hutoa kichwa kizuri cha kobe, huwa na kinyesi cha kuku. Zenye madoa zitupwe, na mikono inawe baada ya kazi. Mifuko ya saruji isiguswe, vumbi lake huunguza ngozi na macho. Rangi ya mafuta ya kupakia milango nayo isipakwe kwenye kitu cha mtoto, kwani baadhi huwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Sindano zihesabiwe kabla na baada. Mkia usizidi urefu wa kiganja.

Mafua ya tundu moja

Mama mmoja wa Bigwa anayeshona nguo nyumbani alimtengenezea bintiye wa miaka sita sungura wa kitambaa, akampa macho ya shanga nyekundu. Sungura alipendeza. Mdogo wake, wa miaka miwili na nusu, naye alimpenda, hasa macho. Jicho moja lilipopotea hakuna aliyelitafuta, jambo la kawaida kwa jicho la sungura.

Wiki mbili baadaye mtoto akaanza kutoa kamasi zito. Mama akanunua dawa ya maji duka la dawa. Ikaisha, akanunua nyingine. Kamasi likawa na harufu mbaya kiasi kwamba dada yake alikataa kulala naye. Ndipo bibi mzaa mama akateremka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi. Baada ya shikamoo na marahaba alimpakata mjukuu, akamtazama puani kwa muda.

"Mwanangu, mafua gani haya yanayochagua tundu moja?"

"Mama, nimeshampa dawa chupa mbili."

"Dawa ya nini? Kesho mpeleke akamulikwe."

Kwenye kituo cha afya mtaalamu alimulika taa, akaingiza kijiti chembamba chenye ndoana, na shanga ikatoka. Kazi haikuchukua dakika tano. Chupa mbili za antibayotiki zilikuwa zimetibu shanga.

Bibi alikuwa sahihi, na kila mzazi akariri alichosema. Mafua hutoka matundu yote. Kamasi la upande mmoja tu, lenye harufu, kwa mtoto mdogo, lidhaniwe kuwa ni kitu kilichoingizwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usichokonoe kwa pini wala kwa kidole, kwani hukisukuma ndani. Usimwagie maji, shanga haivimbi, lakini harage na punje ya mahindi huvimba. Nenda kituoni.

Shanga hiyo ingeweza kuteremka kwenye njia ya hewa. Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe huku ukimwangalia. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe na umpige mapigo matano ya mgongoni, katikati ya mabega, kwa kiganja. Kisichotoka, mwenye zaidi ya mwaka mmoja abanwe tumboni mara tano juu ya kitovu, kwa kuvuta ndani na juu. Wa chini ya mwaka abonyezwe kifuani mara tano kwa vidole viwili. Rudia kwa zamu mpaka kitoke, huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Akizimia, alazwe chali na uanze kumbonyeza kifua. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona.

Kwa hiyo macho ya tembo yawe ya uzi: mishono miwili iliyopishana kama msalaba, irudiwe mara tatu mahali palepale. Kipimo cha kila kingine kiko chooni. Chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha katikati cha karatasi za chooni, iwe kifungo, kifuniko cha soda au pua ya plastiki, kisikaribie nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu. Na midoli ya dukani inayowaka taa ichunguzwe mahali pa betri. Ile betri bapa mfano wa sarafu, ikimezwa, huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, na hiyo ni safari ya hospitali papo hapo.

Yule mama hakuacha kushona. Alichomoa shanga iliyobaki, akamtia sungura macho ya uzi mweusi, na wiki iliyofuata akaanza tembo.

Tembo wa mfuko mbadala hufuliwa kwa maji ya baridi na sabuni, akaminywa na kuanikwa kivulini, kwani jua kali huudhoofisha mfuko ukaanza kumeguka unga. Hapigwi pasi na hawekwi karibu na jiko la mkaa, huyeyuka. Akianza kumeguka, chomoa mabaki ya ndani, yafue, na ukate tembo mwingine kwenye mfuko mpya.