Vitabu na kanda za marehemu: tusiuze kabla ya kujua ni mali ya nani

Ndugu msomaji, nyumba zetu nyingi zina kabati moja lisilofunguliwa. Ndani yake mna vitabu vya dini na vya shule, kanda za mawaidha na za taarabu, pengine na santuri za babu. Familia inapohamia nyumba ndogo, au mchwa wanapoanza kupanda ukutani, hutokea mmoja akasema: tuuze vyote, tupumue. Nia hiyo ni njema. Nyumba isiyosongwa na vitu huwapa watu wasaa, na kitabu kisichosomwa na yeyote hakimnufaishi mwenyewe wala jirani. Hata hivyo, yako mambo manne yanayopaswa kutangulia kabla ya kumwita mnunuzi.

La kwanza ni umiliki. Vitabu vya mtu aliyefariki ni sehemu ya mirathi, sawa na shamba na baiskeli yake. Hutolewa kwanza gharama za maziko na madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi wote. Kaka mkubwa hana haki ya kuuza kabati zima kwa kuwa tu ufunguo uko kwake. Mjane ana fungu lake, dada aliyeolewa mbali ana lake, na fungu la mtoto ambaye hajabaleghe ni amana nzito zaidi. Hali ni hiyo hiyo kwa walio hai: mali ya mke ni ya mke, na ya mume ni ya mume. Asiyependa kanda za mwenzake azungumze naye. Asingoje asafiri ndipo aziuze.

La pili ni kutenganisha kinachopatikana tena na kisichopatikana. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka 1969, imepigwa chapa mara nyingi; ukiuza nakala yako, nyingine itapatikana. Lakini daftari la mashairi au nasaba lililoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, huenda likawa ni hilo moja tu. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya maandishi ya namna hiyo, pamoja na kanda za sauti, kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa 1970. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, nayo imepigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa British Library. Daftari la namna hiyo lisiuzwe kwa kilo. Lionyeshwe kwanza kwa mjuzi wa kuisoma hati hiyo.

La tatu ni sauti. Wanaoona kuwa muziki haujuzu hawataufanyia biashara; wanaoona vingine wana hiari yao. Lakini wote watofautishe kanda ya dukani na kanda iliyorekodiwa nyumbani. Siti binti Saad alirekodi santuri zake za mwanzo Bombay mwaka 1928, na zilitolewa nakala kwa ajili ya kuuzwa. Darsa ya sheikh wa mtaani, au sauti ya bibi akiwahadithia wajukuu, haikutolewa nakala. Kanda huota ukungu na utepe hunata. Kanda ya dakika 60 huhitaji saa nzima kunakiliwa, basi watoto wagawane kazi hiyo, na kila mrithi apate nakala.

La nne ni uaminifu. Kila kitabu kifunuliwe ukurasa kwa ukurasa, kwani baadhi ya wazee walihifadhi humo hati za viwanja, vyeti vya ndoa na tarehe za kuzaliwa watoto. Mnunuzi aambiwe kurasa zilizopotea na santuri yenye ufa. Karatasi zenye aya zisiishie kufungia karanga; zilizochakaa huzikwa mahali safi au huchomwa kwa heshima, kama wanachuoni walivyoeleza.

Wapo wasemao: basi na vipelekwe msikitini viwe wakfu. Ni jambo la kheri, ila kamati iulizwe kwanza. Sisi makatibu hupokea masanduku yaliyoachwa kibarazani usiku, na ndani yake mna vitabu vya hesabu vya mitaala iliyofutwa na juzuu zilizoliwa nusu. Msikiti si jaa. Wakfu ni kitu kinachonufaisha, na aghalabu ni kile ambacho nafsi bado inakipenda.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wakae warithi siku moja, waandike orodha: cha kubaki, cha kunakiliwa, cha wakfu, cha kuuzwa. Kila mmoja atie saini, na fedha zigawanywe kwa mafungu ya sharia hata zikiwa shilingi elfu kumi. Nafasi iliyopatikana nyumbani itakuwa na baraka iwapo hakuna ndugu aliyedhulumiwa kwa ajili yake.

Wabillahi tawfiq.